Homa ipi, bibi?

Ndio nimerudi kutoka Likoni, barakoa imelowa jasho.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Mwezi huu napita nyumba kwa nyumba kuandika wenye dalili za korona.

Nyumba ya nne, bibi amelala ukumbini. Homa kali, viungo vinauma.

"Kikohozi je, bibi?"
"Hata kidogo, mwanangu. Ni haya macho, huku ndani nyuma."

Kalamu ikasimama.

Hiyo ni lugha ya dengi, homa inayoletwa na mbu. Wakongwe wa Mombasa tunaikumbuka ile ya 2013. Na fomu yangu ina kisanduku kimoja tu cha homa!

Mjukuu akanifunulia pipa uani. Maji ya mfereji, masafi kabisa, na viluwiluwi vya mbu vinachezacheza humo bila wasiwasi. (Mbu wa dengi hapendi maji machafu, na anauma mchana.)

Nikamwandikia rufaa apimwe zote mbili, nikawakataza kumpa aspirini wala ibuprofeni.

"Kwani mtu aweza kuwa nazo zote?"
"Aweza, bibi."
"Basi nimekuwa stendi ya magonjwa!"

Tukacheka. Ila mkono wake ulikuwa moto, bado nausikia kiganjani.

Wenzangu wa Kisauni na Changamwe, nyinyi homa kama hii mnaiandika wapi?