Foreman na Tyson, usiku wa chaki

Jumamosi ya Machi 22, 2025, habari za kifo cha George Foreman, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa ndondi uzito wa juu, zilikuwa zimeshazunguka Magomeni nzima kabla ya adhuhuri. Alikuwa amefariki siku iliyotangulia, akiwa na miaka 76. Tulikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, mazoezi yetu ya ndondi yakianza saa nne usiku baada ya tarawehe, na usiku ule hakuna aliyefunga bandeji mikononi kwa wakati. Ubishi ulikuwa mmoja tu: Foreman wa ujana angekutana na Mike Tyson, nani angebaki amesimama? Wengi wetu, nami nikiwemo, tulikuwa upande wa Tyson.

Kocha alituacha tubishane mpaka tuchoke, kisha akaagiza chaki na futi ya fundi cherehani.

Cha kwanza alichokataa ni majina matupu. Ukisema "Foreman" hujasema kitu, kwa sababu aliyeutwaa tena ubingwa mwaka 1994 akiwa na miaka 45 ni bondia mwingine kabisa. Kila mmoja tukampa siku yake bora: Foreman wa Januari 22, 1973, aliyempiga Joe Frazier kule Kingston, Jamaika, Tyson wa Juni 27, 1988, aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91 huko Atlantic City. Foreman alikuwa ametimiza miaka 24 juzijuzi tu, Tyson alibakiza siku tatu atimize 22. Wote wawili hawajapoteza pambano. Na hapa wengi walinyamaza kidogo: siku hizo mbili uzito wao ulikuwa karibu sawa, Foreman kilo 98 na ushei, Tyson kilo 99. Watu humwona Foreman kama jabali na Tyson kama mtu mdogo mwenye hasira, kumbe mizani haikuona tofauti hiyo.

Tofauti ilikuwa kwenye futi. Foreman alikuwa na urefu wa sentimita 191 hivi, Tyson 178. Urefu wa mikono hupimwa kuanzia ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ya mwingine, mikono ikiwa imetandazwa: Foreman karibu 200, Tyson 180. Wabishi wengi hukosea hapa kwa kudhani Foreman anakufikia akiwa mbali kwa sentimita 20. Hapana. Hizo 20 zinagawanywa kwa mikono miwili, tena kifua kipana nacho kimekula zake. Kocha alichora mistari miwili sakafuni, mmoja mwisho wa mkono wa mrefu, mwingine mwisho wa mkono wa mfupi. Nafasi iliyobaki katikati haikuzidi upana wa kiganja. Kinyume na nilivyotegemea, ilionekana ndogo sana kuamua pambano la dunia.

Vijana wawili wakapanda ulingoni, mmoja mrefu, mmoja mfupi mwenye kifua kipana, wote na glavu za aunsi 16 na kofia za kinga. Walikuwa wamefunga mchana kutwa, kwa hiyo ngumi zilikuwa za nusu nguvu na raundi za dakika mbili. Kocha akazipaka chaki glavu za mrefu, mbele na upande wa kiganja, na mfupi akavalishwa fulana nyeusi. Kila atakapoguswa, fulana itasema.

Mfupi alijikusanya kama Tyson alivyofundishwa na kocha wake Cus D'Amato: ngumi zote mbili kwenye mashavu, viwiko vimebana mbavu, kichwa kinahama kwanza ndipo mguu unafuata. Mtindo huo hujengwa kwa kifuko kidogo cha mchanga kinachoning'inizwa usawa wa paji la uso na kubembea, nawe unakikwepa kulia na kushoto bila kurudi nyuma. Hoja yangu ilikuwa hiyohiyo. Frazier alikuwa mzito wa kuanza na alitegemea mkono wa kushoto, wakati Tyson anaua kwa mikono yote miwili, tena kengele ya kwanza haijatulia.

Mrefu hakujikinga kabisa. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, viganja wazi, kama anayezuia mlango usifunguke. Foreman alifanya hivyo hasa. Mpinzani akiingia, anapokelewa mabegani na kusukumwa. Anayesukumwa huinuka, miguu yake inakuwa sambamba, na katika hali hiyo hawezi kupiga wala kukwepa. Sekunde hiyohiyo apakati ya kulia, ngumi inayopanda kuelekea kidevuni, inatoka chini. Ngumi ya aina hiyo ndiyo iliyomwangusha Frazier mara ya kwanza, na zikafuata mara tano nyingine kabla ya raundi ya pili kwisha.

Nilisimama kamba ya karibu, nikaiona. Mfupi alikwepa ngumi ya kushoto vizuri kabisa, kichwa kikapita chini ya kwapa, na bado kiganja cha kulia kilikuwa kinamsubiri begani. Kichwa kinakwepa, bega halikwepi. Alirudishwa hatua moja, akaingia tena, akarudishwa. Kila akiinama ili apite chini, uso wake ulikuwa unashuka usawa wa kiuno cha mrefu, pale apakati inapoanzia safari.

Kocha akasimamisha, akamwelekeza mfupi asipite chini. Akwepe kuelekea kulia kwake, mguu wa kulia utue nje ya mguu wa kushoto wa mrefu, kisha ngumi ya kulia ubavuni na mkono uleule uinuke kwa apakati. Mchanganyiko huo Tyson aliufanya kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Ukiwa pale, kiganja cha kulia cha Foreman hakikufikii; kinachobaki ni ngumi yake ya pembeni ya kushoto, nayo si ndogo. Njia ya pili ni kupiga juu ya mikono iliyonyooshwa, maana kidevu kiko wazi. Muhammad Ali alianza hivyo Kinshasa, Oktoba 30, 1974, kwa ngumi za kulia zilizonyooka tangu raundi ya kwanza, na Ron Lyle alimwangusha Foreman mwaka 1976. Kwa hiyo mlango upo. Lakini mfupi alifanikiwa kuupita mara moja tu katika raundi ile.

Mtu mmoja nyuma yangu akataja Tokyo, Februari 1990, na sikuwa na jibu. Buster Douglas alimweka Tyson mbali kwa jebu, ngumi ya mkono wa mbele inayonyooka, na kabla ya ngumi zilizomlaza katika raundi ya kumi, kilichomfungua ni apakati ya kulia. Tony Tucker naye alimpata kwa apakati ya kushoto katika raundi ya kwanza mwaka 1987, ingawa Tyson alishinda kwa pointi.

Ndipo Kocha akaleta jambo ambalo ubishi wetu wote ulilisahau: mwamuzi. Kusukuma ni kosa. Kingston, Arthur Mercante aliliacha lipite. Fulana ikafutwa, raundi ikarudiwa, safari hii Kocha akiwa mwamuzi mkali: onyo moja, kisha pointi inakatwa. Mrefu akalazimika kukunja mikono na kupiga jebu ya kawaida, na mfupi akaingia mara nne.

Tangu usiku ule msimamo wangu umebadilika. Akichezesha mwamuzi wa Kingston, namwona Foreman akimaliza kabla ya raundi ya nne. Akichezesha anayekataza kusukuma, Tyson anashinda, na pambano likivuka raundi ya sita anashinda kwa pointi, kwa sababu Foreman yule alikuwa akiishiwa pumzi: Kinshasa alianguka raundi ya nane, na Jimmy Young alimshinda kwa pointi mwaka 1977.

Mfupi alipovua kofia, uso wake haukuwa na alama. Fulana ya raundi ya kwanza tulikuwa tumeipiga picha kabla ya kuifuta: madoa meupe mawili mapana, moja kila bega, na mstari mmoja wa chaki chini ya kidevu.