Mkanda wa miaka ya Poznański: kipimo kimebadilishwa

Mkanda huu wa karatasi unafuata maisha ya Izrael Poznański, Myahudi aliyejenga himaya ya pamba Łódź, Poland, na yaliyoipata mali yake hadi 2006. (Łódź hutamkwa takriban "Wuch".)

Kipimo cha kwanza kilikuwa milimita 10 kwa mwaka, kuanzia 1833 alipozaliwa: jumla 1,730. Hakikufaa. Miaka 1871–1903 ilibanana hadi herufi zikapandana, na zaidi ya nusu ya mkanda ikabaki karibu tupu. Sasa ni milimita 10 hadi 1871, 20 hadi 1903, kisha 5: yaani 380 + 640 + 515 = 1,535. Karatasi nne za A3 zikilazwa na kupandana milimita 15 kwenye kila kiungo zinatoa 1,635, hivyo pambizo ni 50 kila upande. Gundi ya maji hukunja viungo. Tumia ya kijiti. Kipimo kinapobadilika piga mstari mwekundu, la sivyo jicho hudanganyika.

Tarehe ndizo zinazosumbua. Łódź ilikuwa chini ya Urusi, kwa hiyo hati nyingi zina kalenda mbili, ya Juliasi (ya zamani, iliyo nyuma) na ya Gregori (tunayotumia leo). Tofauti ni siku 12 kwa karne ya 19, lakini kuanzia Machi 1900 ni 13. Poznański alifariki 28 Aprili 1900. Hiyo ni Gregori; ukitafuta ya Juliasi na kutoa 12 kwa mazoea utaandika 16, na sahihi ni 15. Mkandani tumeweka Gregori peke yake.

Majina nayo. I. K. Poznański ni Izrael Kalmanowicz, sawa na kusema "bin Kalman". K si jina lake la pili. Majumba yanachanganywa mno: la Ogrodowa 15 ndilo lake, na tangu 1975 ni makumbusho ya jiji. La Gdańska 32 ni la mwanawe Karol, la Więckowskiego 36 ni la Maurycy. Picha isiyo na anwani haibandikwi. Kabla ya kuchapa, jaribu pia ł na ź: fonti nyingine huweka kisanduku kitupu.

Sehemu ya kati imejaa vizuri. 1872 kiwanda cha kufuma kinaanza Ogrodowa na mitambo 200 kutoka Uingereza. Cha kusokota nyuzi, matofali mekundu, kinafuata muda mfupi baadaye (leo ni hoteli). 1889 ni kampuni ya hisa. 1890 hospitali ya Wayahudi, 1892 makaburi mapya, na mwaka huohuo mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa jiji, uliozimwa na askari. Hospitali na mgomo vimewekwa juu na chini ya mstari mmoja, makusudi: vikitenganishwa, mtu anageuka ama mfadhili ama mnyonyaji tu.

Kuba la kaburi lake, kazi ya msanifu Adolf Zeligson, limepambwa kwa mozaiki ya mitende. Tulichora mtende mmoja. Zaidi ya hapo wino unavuja.

Tatizo lililobaki ni kipimo cha mwisho. Geto la Łódź (eneo ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi), 1940–1944, linapata milimita 20 tu, wakati makaburi hayohayo ya 1892 yalikuwa ndani yake na watu wapatao 43,000 waliokufa getoni wamezikwa humo. Tumekata karatasi ya milimita 200 na kuibandika kwa ukingo wa juu chini ya miaka hiyo, ining'inie nje ya mkanda.