Dakika Tano za Kumshinda Euler

Likizo ya Juni 1994, nikiwa kidato cha tatu, nilizimaliza kurasa za nyuma za daftari la madeni la shangazi, dukani kwake Pangani.

Chanzo ni mwalimu wetu wa hisabati. Kabla hatujafunga shule aliandika ubaoni 2,147,483,647, yaani 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Akasema mwaka 1772 mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa Petersburg, Urusi, na macho yamekaribia kuzimika kabisa, alitoa habari kuwa hiyo ni namba tasa. Na mashine hakuwa nayo.

Alikuwa na ujanja. Kipeuo cha pili cha namba ile hakifiki 46,341, kwa hiyo huna haja ya kujaribu kigawanyo kilichozidi hapo. Tena kigawanyo tasa, kama kipo, ukikigawa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. (248 ni 31 mara 8, sababu yenyewe niliielewa miaka mingi baadaye.) Zinasalia namba 373 tu, nazo nyingi unazitupa kwa kuzitazama, maana zinagawanyika kwa 3 au 5.

Basi duka likifungwa, mimi na kandili. Ya kwanza ya maana ilikuwa 311: jibu 6,905,092, baki 35. Usiku wa pili, baada ya kupoteza muda na 559 na 1,241, ambazo si tasa ila sikushtuka, nikafika 1,303. Jibu 1,648,107. Baki sifuri!

"Shangazi! Si tasa! Nimeipata!"

Neno limeshanitoka ndipo nikakumbuka. Shangazi hakujaaliwa mtoto, na mtaani walikuwepo wanawake waliolitamka neno hilo kila akipita.

Alikuja akijifuta mikono kwa kanga. "Nani tasa?"

"Namba, shangazi. Ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Na hizo zinazogawanyika zinatoka wapi?"

"Unazizidisha hizo tasa."

"Zote?"

"Zote."

Akaguna. "Aliyezipa jina hakutazama vizuri."

Kisha akalivuta daftari kwenye mwanga. Shule aliishia darasa la nne, lakini hakuna mteja aliyewahi kumpunja hata senti. Kidole chake kikatua mwisho wa 1,303, kikahamia mwisho wa jibu langu.

"Tatu mara saba?"

"Ishirini na moja."

"Inaishia moja. Na namba yako hii kubwa inaishia ngapi?"

Saba. Nilinyamaza.

"Rudia," akasema, akarudi jikoni.

Nilirudia. Baki ilikuwa 226. Nilikuwa nimekosea kutoa pale mwishoni. Nikiwa katikati ya 1,489 mafuta ya taa yakaisha.

Asubuhi nilimkuta amezichana kurasa zangu, anafungia karanga. Mteja wa kwanza aliondoka na 311.