Kopo la bibi na sarafu moja yenye kasoro ya kweli

Bibi alipofariki, Tanga, nilirithi kopo la biskuti lililojaa sarafu: senti kumi za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, shilingi za simba za enzi za Mwingereza, na senti ishirini za mbuni za 1966. Nilizimwaga mkekani nikazichambua jioni tatu mfululizo, hadi nikatenga sita nilizoamini zilitoka kiwandani na hitilafu. Mchuuzi mmoja wa vitu vya kale alikwisha kunitia tamaa. Aliiona shilingi ya 1952 yenye uvimbe ukingoni, akasema hiyo peke yake itanipa laki kadhaa.

Kabla ya kuiuza niliipeleka kwa sonara mmoja mzee pale Ngamiani. Nikaanza kumweleza habari ya uvimbe.

"Mwanangu, ngoja kwanza niipime."

Shilingi nyingine ya mwaka uleule, nzima, ilisoma gramu 7.8. Yangu ikasoma 8.4.

"Haya, hii nyongeza imetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza taratibu. Kiwandani, kipande kitupu hukatwa kwanza, ndipo hugongwa mihuri miwili ya chuma, mmoja juu, mmoja chini. Muhuri ukimeguka, madini ya sarafu hujaa pale palipomeguka na sarafu hutoka na nundu. Lakini nundu hiyo imetokana na mwili wa sarafu yenyewe, kwa hiyo haiwezi kuongeza uzito. Akachukua sindano ya kushonea, akaigusisha kwenye uvimbe: ikazama kidogo na kuacha mkwaruzo unaong'aa. Akaigusisha ukingoni upande wa pili kwa nguvu ileile: ikateleza. Ule uvimbe ulikuwa lehemu.

Tangu siku hiyo, kila sarafu naiuliza swali la mzee yule: madini yameongezeka, yamepungua, au yamesogezwa tu? Niliazima lenzi kwa fundi saa, nikakaa dirishani asubuhi jua likiwa bado chini, maana mwanga wa kulalia ubavu huonyesha mabonde na matuta ambayo taa ya juu huyaficha. Hapo nikajifunza jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote: ufa wa muhuri huonekana kwenye sarafu kama mstari ulioinuka, kwa sababu madini yamepenya ndani ya ufa. Mkwaruzo huzama, na kandokando yake huacha vijimidomo vya madini yaliyosukumwa. Ule "ufa" uliokatiza shingo ya mbuni wangu ulikuwa umezama. Nikamrudisha koponi.

Senti kumi moja ilikuwa na tundu lililovutwa upande. Hii iliniuma, kwani niliipenda. Tundu lililotobolewa vibaya kiwandani hubaki duara safi, ila limekaa pembeni na pengine limekula michoro. La kwangu lilikuwa na umbo la yai, kingo zake laini kama kokoto ya mtoni. Sarafu hizi watu walizitunga kwenye uzi, na uzi ulilila tundu pole pole. Nyingine ilikuwa pana na nyembamba kama karatasi, simba amebaki kivuli: hiyo ilitandazwa kwenye reli na watoto. Iliyogongwa bila pete ya kuizuia hutanuka pia, lakini herufi zake hubaki kali. Na herufi ndogo H iliyonihangaisha kwenye sarafu ya tano si kosa hata kidogo, ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham.

Nakuomba, usizisugue kwa ndimu na magadi. Nilifanya hivyo kwa sarafu mbili, na asidi ikala sura pamoja na uchafu. Sarafu yenye gundi ya zamani huilowesha katika asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kisha naifuta kwa pamba bila kusugua.

Ikabaki moja, senti kumi ya 1964, imeng'atwa ukingoni mfano wa mwezi mchanga. Nilikwisha kata tamaa nayo, kwani tupa yoyote ya fundi inaweza kung'ata hivyo. Lakini chini ya lenzi, herufi zilizokaribia pengo hazikukatwa ghafla. Zilikuwa zimevutika na kufifia kuelekea pengoni, kama madini yaliyokosa pa kujaa. Nikaigeuza nikatazama upande unaokabili pengo: ukingo pale ulikuwa dhaifu, karibu haupo. Hiyo ndiyo dalili yenyewe. Bamba la madini linalokatwa vipande lilisogea vibaya, kikatio kikaangukia shimo la kipande kilichotangulia, na kipande kilipobanwa ili kuinua ukingo, upande wa pili wa pengo haukupata msukumo. Mwenye tupa hawezi kuufifisha ukingo wa upande wa pili.

Nilimpelekea sonara. Aliitazama muda mrefu, akaipima, ikawa pungufu kidogo kuliko mwenzake, akanirudishia kwa mikono miwili. "Hii itie bahashani peke yake," akasema.

Shilingi yenye lehemu nilimwonyesha mama mdogo. Akaishika pale penye uvimbe, akanyamaza, kisha akasema ilikuwa kwenye kidani alichovaa bibi siku ya harusi yake. Lehemu sijaitoa.