Siku moja maishani mwangu: fundi wa spika za magari, Malindi

Saa mbili asubuhi nafungua kibanda changu, si mbali na Barabara ya Lamu. Naanza kwa kusugua vichwa vya waya vya ampu (kikuza sauti) iliyolala hapa tangu jana. Upepo wa bahari una chumvi, na shaba ikiachwa hugeuka kijani.

Saa tatu inaingia Probox ya abiria wa Mombasa. Dereva anashuka na twita mbili mkononi, zile spika ndogo za sauti nyembamba.

"Fundi, hizi jozi ya tatu. Nauziwa feki?"

Nafungua mlango. Waya umetoka kwenye ampu moja kwa moja hadi kwenye twita, kapasita ya kuzuia besi hakuna. Hapo huwa naumia roho. Koili ya twita ni nyembamba kama unywele, imeumbwa kwa sauti za juu tu; ukiitwika besi inaungua, iwe feki au halisi. Naiwekea kapasita ya maikrofaradi 10, ile isiyo na chanya wala hasi. Kwa twita yenye ukinzani wa omu 4, inaanza kuzuia chini ya Hz 4,000 hivi, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde.

Saa tano niko kwenye krosova ya ampu ya Probox, sehemu inayogawa sauti kati ya spika. Spika za milango zipokee kuanzia Hz 80 kwenda juu, sabufa, spika ya besi, kuanzia hapo kwenda chini. Ampu hii hukata desibeli 12 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila oktavu, yaani kila Hz zinapoongezeka mara mbili au kupungua nusu; kwa hiyo kwenye Hz 40 mlango bado unanong'ona kidogo.

Naweka taarabu. Fidla safi, mwimbaji safi, ngoma imepwaya. Besi inapotea palepale spika zinapopokezana. Wengi hapo huongeza sauti tu. Mimi nageuza waya za sabufa, chanya penye hasi, kwa sababu kwa mkato wa desibeli 12 kwenye Hz 80 spika hizo hupingana: huyu anasukuma, yule anavuta. Ngoma ikarudi nzima. Dereva hakusema kitu, aliurudisha wimbo mwanzo.

Adhuhuri nasali, nala wali wa nazi. Jua la saa nane halina wateja.

Saa kumi anakuja mzee kutoka Mambrui.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sitaki makelele. Nasikiliza mawaidha, na sheikh anasema kama yumo mtungini."

Sabufa yake imeachiwa hadi Hz 200. Sauti ya mwanamume huanzia karibu na Hz 100, kwa hiyo uzito wote wa maneno unatokea kwenye sabufa, nyuma kwenye buti la gari. Naishusha hadi 70. Mzee anafumba macho, anasikiliza kitambo.

"Sasa amekaa mbele yangu," anasema.

Kazi hii naipenda kwa ajili ya dakika kama hiyo.

Saa kumi na mbili Probox imerudi kutoka Mombasa, twita zinalia vizuri. Kabla ya kufunga nabandika karatasi juu ya ampu yake: "80. Desibeli 12. Waya za sabufa zimegeuzwa makusudi, fundi mwenzangu usizirudishe."