Kumbukumbu ya mradi: bomba la jua, na sekunde za Pakwach

Wiki ya kwanza

Nimepata bomba la PVC la inchi nne, urefu mita 2, mabaki ya fundi bomba wa hapa Igogo, Mwanza, nitengeneze la kutazamia jua likipatwa. Juu naweka foili yenye tundu, chini karatasi nyeupe, jua linajichora lenyewe na hakuna anayelikodolea macho. Ukigawa urefu wa bomba kwa 109 unapata upana wa picha: kwangu kama milimita 18, yaani ukucha wa kidole gumba.

Foili ni ile ya kufungia chipsi. Niliitoboa kwa msumari wa inchi tatu, nikapata jua lenye kingo zilizotawanyika kama yai kikaangoni. Nimeibandua, nimetoboa nyingine kwa sindano ya kushonea. Mwanga umepungua, lakini duara limekaa sawa.

Wiki ya pili

Sikugusa bomba, mvua tupu. Acha niandike kilichonifikisha hapa.

Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa lote kaskazini mwa Uganda. Sisi Mwanza tulikuwa tunapata kipande tu, kwa hiyo mimi na shemeji tukaondoka mapema: kivuko cha Kigongo hadi Busisi (siku hizi unapita darajani, hata chai haijapoa umeshavuka), Bukoba, Mutukula, Kampala, halafu Karuma mpaka Pakwach, kwenye mto Nile. Mgongo ulinikumbusha kila kilomita.

Ilipofika saa kumi na moja jioni jua lilikuwa limeinama magharibi, limeliwa zaidi ya nusu, na mwanga ulikuwa na rangi ya ajabu, si ya jioni wala ya mawingu. Vivuli vilikuwa vikali kama vimekatwa kwa mkasi. Baridi ikapita mikononi. Kisha giza likaja likitokea upande wa Kongo, haraka kuliko nilivyotarajia, na watu wakapiga kelele kama goli limeingia.

Sekunde ishirini na kitu. Ndizo zote. Na mimi nilikuwa nimeinamia simu, natafuta pa kuzima flashi.

Niliinua uso mwishoni kabisa. Duara jeusi, nywele nyeupe zimelizunguka, sayari ya Zuhura inawaka juu kushoto, na upeo wote wa anga una rangi ya chungwa kama kumepambazuka pande zote kwa pamoja. Halafu tone moja la mwanga likachomoza pembeni, ikawa basi.

"Kaka, umeona?" shemeji akauliza, machozi yanamtoka.

Nikasema nimeona. Picha iliyobaki kwenye simu ni ya kisogo cha mtu.

Mwaka 2016, tarehe 1 Septemba, mwezi uliziba jua katikati tu, likabaki pete, kule Rujewa, Mbeya. Sikwenda, sikuwa na nauli. Nilikaa chini ya mwembe nyumbani nikitazama hilali ndogondogo za mwanga zimejaa mchangani, kila mwanya wa majani umechora yake. Wazo la bomba lilianzia hapo.

Wiki ya nne, katikati ya Machi

Siku hizi jua linapita utosini Mwanza. Saa saba kasoro kidogo mchana nilisimamisha bomba wima uani, likakosa kivuli. Wingu likatoka ziwani, na kwenye karatasi likaingia kwa upande wa pili, kwa sababu tundu hugeuza kila kitu. Watoto wa jirani walipanga foleni, wakagombana.

Tatizo ni mikono: jua likihama unalifuata na bomba, ukichoka picha inakimbia. Agosti 2, 2027 jua litapatwa lote kule Misri, zaidi ya dakika 6 Luxor, na sisi huku litamegwa tu. Bomba ni la huku. Pale linapozibwa lote halina kazi, unatazama kwa macho matupu mpaka mwanga urudi.

Wiki ijayo nachomelea stendi kwa uma wa baiskeli chakavu. Shemeji ameshapiga simu kuuliza nauli ya Luxor.