Niliambiwa "kuwa makini" mpaka nikachoka

Nimegawa dawa wodini kwa zaidi ya miaka 10, na ushauri niliopewa mara nyingi kuliko wote ni huu: sista, kuwa makini. Walimu waliusema, viongozi wa zamu waliusema, hata mlinzi wa getini aliwahi kunipa bure. Hakuna aliyewahi kuniambia umakini huo unatolewa wapi saa tisa usiku, wagonjwa 28 ni wako peke yako, dripu moja imekwama, nyingine imevimbisha mkono, ndugu wa mgonjwa anakushika bega na simu ya wodi inalia.

Siku niliyokaribia kumuua mtoto nilikuwa makini. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Mtoto alikuwa na kilo 12, homa inapanda, na kila akinyweshwa kitu anatapika. Daktari akaandika parasetamoli ya mshipani, miligramu 180, yaani miligramu 15 kwa kila kilo. Hesabu safi kabisa. Kichupa cha dawa ile kina mililita 100, na kila mililita imebeba miligramu 10. Kwa hiyo mtoto alitakiwa apate mililita 18. Lakini kichwani mwangu ilikuwa imebaki namba moja tu, 180, na mbele yangu kulikuwa na chupa yenye alama za mililita. Nikapanga: kichupa cha kwanza kiende chote, cha pili niende mpaka 80.

Nilisoma jina la dawa mara tatu. Nilitazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Nilinawa mikono, nikasoma mkanda wa mtoto, nikamuuliza mama yake jina. Zile sahihi tano tulizokariri chuoni (mgonjwa, dawa, dozi, njia na wakati) nilizipitia kama sala, na nilikuwa njiani kumpa mtoto dozi mara 10, dozi ya kumharibu ini.

Kilichomwokoa ni uvivu wangu. Kabatini kulikuwa kumebaki kichupa kimoja, cha pili ilibidi nikaombe wodi ya jirani, nako kuna ngazi. Nikasimama pale nanung'unika kwa sauti, "Katoto kenyewe kadogo, kanamaliza vichupa viwili vya nini?" Ndipo masikio yangu yakausikia mdomo wangu. Kichupa kimoja kizima ni dozi ya mtu mzima mwenye zaidi ya kilo 50. Nikatafuta kiti.

Tangu usiku ule naitazama mikono yangu. Nikijiona nafungua kichupa cha pili kwa dozi moja, au nakatakata kidonge vipande vidogo vidogo, nasimama narudi kwenye karatasi. Dawa nyingi hufungashwa kwa kukadiria dozi ya kawaida ya mtu mzima. Mikono ikianza kufanya vitu vya ajabu, mara nyingi kosa liko kwenye hesabu. Zipo dawa zinazohitaji vichupa vingi kweli, ila kusimama dakika moja hakujawahi kumdhuru mtu.

Nikaripoti. Mtoto hakupata hata tone la ziada, lakini niliona kosa lililokoswakoswa ni somo la bure kwa wodi nzima. Nikaambiwa niandike barua ya kujieleza. Na mwisho wa barua ile, kwa wino mwekundu, nikajibiwa: uwe makini siku nyingine. Niliikunja nikaitia mfukoni, na hasira ile ndiyo iliyonifanya nitafute njia zangu mwenyewe.

Ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Nilikuwa nimesoma kwamba kuna hospitali ambako nesi anayegawa dawa huvaa kizibao maalumu ili asisumbuliwe, kwa sababu kukatizwa katikati ya kazi huzaa makosa. Nikaona ndiyo dawa yangu. Nikanunua kitambaa chekundu, nikampelekea fundi, fundi akanidai hela ambayo hadi leo naona ilikuwa ya kizibao na ya mlango wa nyumba yake. Mgongoni na kifuani aliandika kwa herufi nyeupe kubwa: NAGAWA DAWA, USINISEMESHE.

Siku ya kwanza nilisemeshwa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Daktari wa zamu aliniuliza kama nimejiunga na zimamoto. Mfamasia aliteremka kuja kuniona kwa macho yake. Bibi mmoja aliyekuwa akimuuguza mjukuu alinivuta kwa upole akaniomba nimsomee kilichoandikwa, miwani ameisahau. Nikamsomea. Akatikisa kichwa kwa heshima, "Haya mwanangu, sikusemeshi." Kisha akakumbuka maswali matatu. Siku ya pili mgonjwa mmoja akanilalamikia kwamba nina dharau. Siku ya tatu kizibao kilifunga mlango wa troli uliokuwa hauna kitasa, na kazi hiyo angalau kinaifanya vizuri mpaka leo.

Nilichojifunza ni kwamba watu hawasomi kifua cha nesi. Wanamfuata pale walipozoea kumwona. Kwa hiyo nilihama. Dawa naziandaa chumbani, mlango umefungwa, na kwa ile nusu saa mwenzangu ndiye anabeba simu na kujibu kila anayekuja. Nikimaliza tunabadilishana. Na nikikatizwa katikati ya dozi, hata kama ni kwa sekunde 10, siendelei nilipoishia. Naanza upya kwa mgonjwa huyo, tangu jina. Mwanzoni wenzangu walidhani ni kujionyesha.

Kuandaa mabomba sita ya sindano kwa pamoja na kuyapanga kwenye trei kama mishikaki niliacha. Ampuli (kichupa kidogo cha dawa ya sindano) ya potasiamu kloraidi na ampuli ya maji ya sindano, ukishavuta, ni maji na maji. Ile ya kwanza ikisukumwa moja kwa moja mshipani bila kuchanganywa kwenye dripu inasimamisha moyo. Nikikuta bomba limejaa na halina lebo, silinusi wala siulizi ni la nani, linakwenda kwenye takataka. Siku moja nilitupa la mwenzangu aliyekuwa ametoka dakika mbili kujisaidia, akaninunia zamu nzima. Nilikubali kununiwa.

Sasa njoo kwenye hila ninayojivunia. Kukagua dozi kwa watu wawili kupo kila mahali, lakini angalieni tunavyokagua: "Dada, njoo unisainie hapa, insulini uniti nane, sivyo?" Dada anajibu "ndiyo", anasaini, anaondoka. Huyo hajakagua, ameitikia. Ukishamtajia mtu jibu, macho yake yatalitafuta jibu hilo hilo.

Nikabuni kukagua kwa kisogo. Mwenzangu anapewa chati na dawa yenyewe, simtajii namba. Ananipa mgongo, nami nampa wangu, kila mmoja anapiga hesabu kwenye kipande chake cha karatasi. Tukimaliza tunageuka na kufunua kwa pamoja kama wacheza karata. Alicheka sana mara ya kwanza, akaniambia nimekosa michezo utotoni.

Wiki hiyo hiyo tukafunua dripu. Lita moja iende kwa saa nane. Yangu: matone 42 kwa dakika. Yake: 125. Mimi nikatabasamu kwa ukarimu wa mtu anayejua, nikaanza kumfundisha: mililita 1000 zidisha matone 20 ya kila mililita, gawa kwa dakika 480. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole kwenye stendi, hajasema neno. Seti niliyokuwa nimeitundika mwenyewe ilikuwa ile ya matone madogo, 60 kwa mililita. Kwa matone yangu 42, dripu ya saa nane ingekwisha kesho yake saa kama hiyo, na mgonjwa mwenyewe alikuwa ameishiwa maji mwilini. Tukabadilisha seti. Hajawahi kunikumbusha, ila kila tukigeuziana migongo huwa anakohoa kidogo.

Hatuifanyi kwa kila kidonge, wenzangu wangehama wodi. Tumeiweka kwa insulini, heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), potasiamu na dozi zote za watoto.

Kuhusu maandishi nimejipatia jina baya. Daktari akiandika 6U, ile U ikikaa vibaya ni sifuri, na mgonjwa anachomwa insulini uniti 60. Napiga simu, naomba aandike neno "uniti" kamili. Akiandika .5, ile nukta inamezwa na mstari wa karatasi, nami naona 5. Namwomba aanze na sifuri, 0.5. Akiandika 5.0 namwomba aifute sifuri ya nyuma kabla mtu hajaisoma 50. Mmoja wao ananiita mwalimu wa imla. Huyo huyo usiku mmoja aliniagiza dozi kwa simu, nikasikia sitini. Nikamrudishia tarakimu moja moja, "sita, sifuri?" Kimya. "Sita, sista. Sita peke yake." Siku hizi ananirudishia mwenyewe bila kuombwa, lakini jina la mwalimu wa imla halijafutwa.

Kusaini nako nilikuwa mjanja wa kijinga. Nilikuwa nasaini chati zote kwanza, halafu nazunguka kugawa, naona naokoa muda. Mpaka nilipomsainia mgonjwa aliyekuwa ameshapelekwa chumba cha upasuaji. Kwa mujibu wa chati yangu alimeza dawa saa mbili kamili, wakati huo akiwa usingizini na tumbo limefunguliwa. Sasa nasaini kidonge kikishamezwa, na sisemi kimemezwa mpaka nimekiona kikipita. Kuna wazee wana ufundi wa kukificha kidonge shavuni ambao ningewavulia kofia kama hawangekuwa wagonjwa wangu.

Nikitaja wazee: wawili walilala vitanda jirani, jina la kwanza moja, mvi zile zile. Mmoja alikuwa kwenye digoksini, ile dawa ya moyo ambayo lazima nihesabu mapigo dakika nzima kabla ya kuitoa, na yakiwa chini ya 60 naizuia na kumwita daktari. Nilimwendea, nikamtaja jina kamili, "Ndiye wewe, mzee?" Akatikisa kichwa kukubali. Kitu kikanichoma, nikauliza tena kwa namna nyingine, "Mzee, niambie jina lako lote." Akanipa jina la yule wa kitanda cha pili: kumbe ndiye yeye, nilikuwa nimemwendea asiye wa digoksini.

"Sasa mbona ulikubali?"

"Mwanangu, umekuja na uso mkunjufu hivyo, nitakukatalia vipi?"

Tangu hapo simtajii mtu jina lake. Yeye ananitajia, nami nasoma mkanda. Ndugu wengine huona ni uzembe, "Sista, wiki nzima uko naye na humjui?" Namjua. Ndiyo maana namuuliza.

Nilichochelewa sana kujifunza kilikuwa kinasemwa kila siku vitandani: "Sista, cha jana kilikuwa cheupe." Kwa miaka nilikuwa na jibu la haraka, kiwanda kimebadilika, mama, dawa ni ile ile, meza. Siku hizi nakirudisha kile kidonge kwenye kikopo, naenda kutazama pakiti, naenda kutazama chati, narudi. Mara nyingi ni kiwanda kweli. Mara mbili nilikuwa mimi.